Mzee Crescencio Asiguswe

Katika ushirika wa watunga programu wa mjini Paysandú, Olegario Bidegain hakuwa babu wa mtu yeyote kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Sharti hilo alilitoa mwenyewe siku mjukuu wake Anaclara alipoajiriwa. Ndani ya mlango ule yeye angeitwa Mwalimu, kama walivyomwita wenzake wote, kwa kuwa alifundisha hisabati katika sekondari ya mji miaka ishirini na sita kabla ya kuigusa kompyuta. Na binti huyo angeitwa Mhandisi, kwa kuwa cheti alikuwa nacho na alikipata kwa jasho lake. Anaclara alilishika sharti hilo kwa miezi kumi bila kuteleza. Kwa hiyo Ijumaa moja, saa nne asubuhi, aliposimama kando ya meza yake na kusema “Babu,” mzee alijua kwamba kitu kimevunjika.

“Hapa hakuna babu.”

“Samahani, Mwalimu. Jaribio langu moja limeshindwa.”

“Moja kati ya mia mbili na kumi na matatu. Lisome, lirekebishe, uliendeshe tena. Lakini hilo silo lililokuleta.”

“Linashindwa likiwa peke yake. Nikiliingiza kwenye kundi la wenzake, linapita.”

Kutoka kwenye meza ya simu, Nibia, mwanamke wa makamo aliyepokea simu za madereva na kuwajibu kwa maneno makali kuliko yao, alicheka bila kugeuka. “Kama wale wanafunzi wako wa zamani, Mwalimu. Wakikaa pamoja wanafaulu wote. Mtenge mmoja, anatumbua macho.”

“Wanafunzi wangu hawakunakiliana, Nibia.”

“Mimi nilikuwa mwanafunzi wako.”

Olegario alimgeukia Anaclara tena.

Kazi kubwa ya ushirika ule ilikuwa programu iliyopanga magari ya wagonjwa wa figo. Mara tatu kwa wiki magari madogo saba yalitoka alfajiri kwenda mashambani, kila moja na njia yake, yakakusanya watu nyumba kwa nyumba na kuwaleta mjini kwenye mashine za kuchuja damu, kisha yakawarudisha kwao jioni. Kila Ijumaa saa kumi alasiri programu ilitoa orodha ya wiki iliyofuata, na madereva waliifuata orodha kama askari afuatavyo amri. Aliyekuwa ndani yake alifuatwa. Asiyekuwemo hakufuatwa. Jumatatu hiyo iliyokuwa inakuja, njia ya nane ilikuwa ifunguliwe kuelekea Paso Guayabo, na mpaka wakati huo ilikuwa na abiria mmoja tu: Bibi Amabilia Sosa, mwenye miaka sabini na sita, ambaye alikuwa akiletwa na mpwa wake kwa lori mpaka mpwa huyo alipohamia Brazili kutafuta kazi. Bibi huyo alikuwa amekwisha kukosa zamu moja. Daktari alisema asikose ya pili.

Jaribio lililoshindwa lilikuwa linahusu njia hiyo hasa.

“Uliliendeshea wapi?” Olegario aliuliza.

“Kwenye kontena jipya nililofungua katika kompyuta yangu.”

“Basi kasoro iko kwenye kontena lako.”

Alilisema kwa sauti ambayo zamani ilifunga mijadala darasani. Anaclara hakuondoka.

“Mimi pia nilidhani hivyo. Nikafungua la pili. Nikafungua na la tatu.”

Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa. “Lete kiti.”

Kontena, kwa watu wa kazi hiyo, ni kijumba cha muda kinachowashwa ndani ya kompyuta, kikiwa na hifadhidata tupu isiyo na jina la mtu hata mmoja. Jaribio huingia humo, huandikisha wagonjwa wa kubuni, huwaombea gari, hutazama kama gari limekuja, kisha kijumba huvunjwa. Zamani kila jaribio la ushirika lilikuwa na kontena lake. Ulikuwa utaratibu wa haki, lakini ulikuwa goigoi: dakika arobaini na nne zilipita kabla ya majaribio yote kwisha, na watu wakaanza kuyakwepa kama mtoto akwepavyo dawa chungu. Miaka sita iliyopita Olegario akaamua kwamba majaribio yote yatumie kontena moja, lisilovunjwa, lililokaa katika kompyuta ya pamoja. Kati ya jaribio na jaribio aliweka ufagio, yaani msimbo mfupi uliofuta kila kitu kilichoachwa na aliyetangulia. Dakika arobaini na nne zikawa tatu. Watu walimpigia makofi, naye akayapokea kwa kutikisa kichwa mara moja. Juu ya ufagio ule hakuwa na mzaha. Kila aliyejiunga na ushirika alisomewa kanuni ileile waliyosomewa wanafunzi wake: mwalimu mwenye heshima humwachia mwenzake ubao msafi.

Sasa aliketi bega kwa bega na mjukuu wake, wakatazama. Katika kontena jipya, jaribio liliunda njia, likamwandikisha mgonjwa mmoja, likaomba gari. Gari halikuja. Programu haikulalamika wala kutoa onyo. Ilinyamaza tu, kama karani aliyefunga dirisha na kwenda kula. Katika kontena la pamoja, jaribio lilelile, herufi kwa herufi, lilipata gari bila shida.

“Nililiuliza kontena la pamoja swali moja,” Anaclara alisema polepole. “Baada ya ufagio kupita, nikaliuliza: nani amebaki humu?”

Olegario alijua jibu kabla binti hajakigeuza kioo cha kompyuta upande wake.

Palikuwa na mstari mmoja. Crescencio Píriz. Amezaliwa tarehe 9 Oktoba 1931. Njia namba moja. Nyumba iliyo baada ya daraja, yenye mbwa wawili. Mkubwa ni mpole, mdogo ndiye wa kuogopwa. Maelezo kwa dereva: Mzee husikia anachotaka kusikia. Piga honi mara moja, kisha subiri kwa adabu.

Maneno hayo yaliandikwa na Zulma.

Zulma alikuwa mke wa Olegario, na alikuwa wa kwanza kuota habari ya programu ile, kwa kuwa alifanya kazi miaka mingi kwenye dawati la wagonjwa wa figo na aliwajua kwa majina, kwa magoti yao mabovu na kwa ugomvi wao na wakwe. Alipoona kwamba watunga programu huwapa wagonjwa wao wa kubuni majina kama Mgonjwa Moja na Mgonjwa Mbili, alikasirika. “Huyo Mgonjwa Moja mtamhurumia vipi?” aliwauliza. “Hana hata mbwa.” Akaketi mwenyewe akamtunga Mzee Crescencio, na tangu siku hiyo kila kipya kilijaribiwa kwanza kwake. Zulma alifariki mwezi wa Agosti, miaka sita iliyopita. Wiki tatu baadaye Olegario aliandika ufagio, na mkono wake, uliowahi kumpa sifuri mtoto wa mkuu wa mkoa, ulishindwa kufuta mstari mmoja. Akaongeza sharti: vyote vifutwe isipokuwa huyu. Juu ya sharti akaandika maneno matatu ya kuwaonya wenzake: Mzee Crescencio asiguswe.

Hakuna aliyeuliza. Kila tarehe tisa ya Oktoba, Nibia alinunua trei ya maandazi ya siagi, wakamnywea mzee huyo kahawa na kubishana kama kwa umri wake bado aruhusiwe kusafiri bila mtu wa kumsindikiza.

“Ufagio ukipita,” Anaclara aliendelea, akichagua maneno kama mtu anayevuka mto kwa mawe, “namba za njia huanza upya. Kila njia inayoundwa na jaribio inakuwa namba moja. Na namba moja ni njia yake yeye. Kwa hiyo…”

“Kwa hiyo yumo katika kila gari.”

“Ndiyo, Mwalimu.”

“Na programu humpangia abiria mpya saa yake kwa kumtazama aliyemtangulia.”

“Ndiyo.”

“Asipokuwapo wa kumtangulia, haimpangii.”

Binti aliitikia kwa kichwa. Miaka sita hakuna jaribio hata moja lililoanza na gari tupu. Wala katika maisha ya kweli halikuwahi kutokea, kwa sababu njia zote saba zilianza na watu waliohamishwa kutoka madaftari ya zamani. Bibi Amabilia angekuwa mtu wa kwanza kabisa kuingia katika njia isiyo na mwenyeji. Jumatatu angevaa koti lake, angesimama kwenye lango lake, na asingepita mtu.

Olegario alitazama saa ukutani. Ilikuwa saa tano kasoro dakika chache.

“Ni kosa dogo,” alisema. “Tunaongeza mistari minne katika programu: kama njia haina mtu, abiria wa kwanza apangiwe kwa umbali wa nyumba yake. Bibi anapata gari, orodha inatoka saa kumi, na…” Alisita. “Na ufagio unaachwa kama ulivyo.”

Anaclara aliangalia mikono yake. Alikuwa na vidole virefu vya bibi yake, jambo ambalo mzee alijitahidi kutoliona ndani ya saa za kazi.

“Inawezekana,” alisema. “Hili tumeliona, tutaliziba. Lakini lile ambalo hatujaliona, tutaliona vipi, naye bado yumo?”

Maneno hayo yalitamkwa kwa upole, na huo upole ndio uliouma. Mzee alisimama, akatoka kwenda uani.

Uani palikuwa na kamba ya nguo isiyo na nguo na mndimu uliozaa kupita kiasi. Olegario alisimama ameweka mikono nyuma, kama alivyosimama enzi zile akisimamia mitihani. Hakulia; hakuwa mtu wa kulia penye mwanga. Alifikiri juu ya yale aliyowahubiria wengine, na aibu ikampanda taratibu. Angemkuta mwanafunzi amefanya hivi, angemsimamisha mbele ya darasa.

Nibia alikuja na kibuyu cha yerba, ile chai chungu inayofyonzwa kwa mrija, na chupa ya maji moto kwapani. Alimimina, akampa, akangoja anywe mpaka mrija ulie.

“Nyani haoni kundule,” alisema.

“Umekuja kunifariji au kunitukana?”

“Vyote. Nina muda mchache, simu zinalia.” Alikipokea kibuyu. “Ule mstari sote tulikuwa tunauona, Mwalimu. Mimi si mtaalamu, lakini kusoma najua. Tulinyamaza kwa ajili yako. Kwa hiyo usijibebeshe msalaba peke yako kama Yesu njia nzima.”

“Mliona, hamkusema?”

“Tungesema nini? ‘Mzee, mzike mkeo mara ya pili’? Nani angeanza?” Alijimiminia, akanywa, akatazama mndimu. “Lakini Zulma angesema.”

“Angesema nini?”

“Angesema, ‘Olegario, mwanamke wa watu asimame barabarani na figo zake mbovu, ati wewe unamtunza mzee ambaye hata mkojo hana?’ Halafu angekuita lile jina.”

“Jina gani?”

“Silitaji. Kuna wajukuu ndani.”

Kitu kama kicheko kilimtoka mzee, kikavunjika njiani. Nibia alimpiga bega mara mbili, kwa nguvu, kama anavyopigwa farasi mwema, akarudi kwenye simu zake.

Alipoingia, Anaclara alikuwa bado ameketi palepale. Alikuwa hajagusa chochote.

“Babu,” alisema, na safari hii hakusahihishwa, “nikufutie mimi? Wewe ukanywe maji, ukirudi itakuwa imekwisha.”

“La. Aliyefunga fundo ndiye alifungue.”

“Basi tumnakili kwanza. Tunaweza kumtungia jaribio lake mwenyewe. Anazaliwa mwanzoni, anafutwa mwishoni, hamsumbui mtu. Anakuwepo kila siku.”

Lilikuwa wazo zuri, na kwa kanuni za kazi lilikuwa halali kabisa. Mzee alimtazama mjukuu wake.

“Wewe ulimpenda?” aliuliza.

“Nani, Crescencio? Nilikuwa na miaka kumi na tano bibi alipoanza kunisimulia habari zake mezani. Nilidhani ni mtu wa kweli. Nilimwombea siku ya kipaimara changu.”

“Hukuniambia.”

“Ulikuwa mkali.”

Olegario alikubali kwa kichwa. Lilikuwa jibu la haki. “Hatutamnakili,” alisema. “Si kwamba wazo lako ni baya. Lakini nikimpa mlango mwingine, kesho nitamtafutia dirisha. Alichokiandika bibi yako nimekihifadhi chote, hata nukta zake. Hiyo inanitosha.”

Akasogeza kibodi. Kwanza aliondoa yale maneno matatu, kisha lile sharti chini yake. Halafu aliandika amri ya kufuta, akaisoma tangu mwanzo hadi mwisho kwa sauti ya chini, kama alivyozoea kusoma swali la mtihani kabla ya kulitoa, akabonyeza. Mashine ilijibu kwamba mstari mmoja umefutwa. Haikusema zaidi, wala haikustahili kusema zaidi. Akayaendesha majaribio yote upya. Mkono wa Anaclara ulikuwa umekuja ukatulia juu ya mkono wake. Ukakaa hapo kwa muda wa dakika tatu, ambazo ndizo majaribio yalihitaji.

Kumi na tisa yalikuja mekundu, yaani yameshindwa.

“Kumi na tisa!” Nibia alipaza sauti kutoka kwenye meza yake. “Mzee mmoja alikuwa amebeba watu kumi na tisa mgongoni?”

“Mficha maradhi, kifo humuumbua,” Olegario alisema, na mgongo wake ukanyooka. “Mhandisi, gawa. Tisa kwako, kumi kwangu. La Paso Guayabo tunaanza nalo.”

Walifanya kazi bila kula. Mengi kati ya yale kumi na tisa yalikuwa uvivu wa kawaida, majaribio yaliyomtegemea Mzee Crescencio kwa mazoea, yakarekebishwa kwa kila moja kuandikisha watu wake. Lakini mawili yalificha kasoro za kweli. Kasoro moja iliwasahau wagonjwa wenye viti vya magurudumu pale njia ilipobaki na mtu mmoja. Anaclara alipolipata hilo hakushangilia. Alimgusa babu yake kiwiko na kumwonyesha, naye akalisoma mara mbili. Saa tisa na robo majaribio yote mia mbili na kumi na matatu yalipita katika kontena la pamoja; kisha, kwa amri ya Olegario, yakapita tena, kila moja katika kontena lake, na la mwisho likamalizika dakika moja tu kabla ya saa kumi.

Katika kumbukumbu ya kazi, mahali pa kueleza mabadiliko, mzee aliandika: Kosa la O. Bidegain, la miaka sita. Limegunduliwa na A. Bidegain.

“Si lazima kuweka jina lako, Mwalimu,” Anaclara alisema. “Watu wanaandika tu kilichorekebishwa.”

“Watu waandike watakavyo. Na lako nimeliweka kwa kusudi. Miaka mia ijayo mtu asome ajue.”

Saa kumi kamili orodha ilitoka. Njia ya nane, dereva Heber, abiria Amabilia Sosa, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi.

Jumatatu Olegario alikuwa kazini kabla ya mtu yeyote isipokuwa Nibia, ambaye zamu yake ilianza na magari. Alijifanya anapanga karatasi. Saa moja kasoro dakika kumi simu ililia, na Nibia akaiweka kwenye kipaza sauti.

“Nibia, ni Heber. Niko Paso Guayabo. Hapa kuna tatizo.”

Karatasi zilitulia mikononi mwa mzee.

“Hayupo?” Nibia aliuliza.

“Yupo. Hataki kupanda.”

“Anaumwa?”

“Anaumwa wapi! Anasema hapandi gari la dereva ambaye hajatia kitu tumboni. Amenikalisha mezani. Ameniwekea mikate ya kukaanga sahani nzima, nikimaliza mmoja anaongeza miwili.”

Nyuma yake sauti kavu ya kike ilisikika ikiuliza ni nani huyo anayempigisha mtu kelele mezani. Kisha simu ikachukuliwa.

“Nani mwenzangu?”

Olegario alikuwa amekwisha kuinama juu ya meza ya Nibia. “Bibi Amabilia, naitwa Olegario Bidegain, wa ushirika uliopanga gari lako. Nakuomba umwachilie Heber. Mashine zinakungoja saa mbili.”

“Namwachilia, namwachilia. Mtoto mwembamba huyu, kwao hawapiki?” Kisha sauti yake ikashuka. “Mwanangu, gari nimelichungulia dirishani. Halina mtu ndani. Mna hakika ni langu? Nisije nikapanda la watu nikashushwa njiani.”

“Ni lako, Bibi. Wewe ndiye wa kwanza katika njia hiyo.”

“Hakuna mwingine kabla yangu?”

Mzee alishika ukingo wa meza. “Hakuna, Bibi. Kabla yako hakuna mtu.”

“Lo! Basi nitakaa mbele, nione barabara,” alisema Bibi Amabilia. “Ngoja nivae koti.”

Hakuikata simu, aliisahau mezani ikiwa wazi. Nibia alinyoosha mkono aizime, Olegario akamzuia. Walisikia kiti kikiburutwa, mlango ukifunguliwa, Heber akisema taratibu, Bibi, hapo kuna ngazi, shika bega langu. Walisikia Heber akirudi mbio kuchukua simu yake, akihema. Kisha injini ikawaka, na Olegario akabaki ameinama akiisikiliza mpaka mawasiliano yalipokatika kule kwenye mabonde.